Nchi Iliyolisha Mawingu Vumbi

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto mgongoni amgeuzie uso kwenye hewa safi, maana hadithi hii ina vumbi kuanzia mwanzo mpaka karibu na mwisho. Naisimulia kama onyo. Atakayecheka na acheke, lakini asiondoke kabla haijaisha.

Palikuwa na mwanamke anaitwa Mwasiti, kazi yake kugonga kokoto. Alikaa juu ya gunia kando ya machimbo, nyundo mkononi, jiwe kubwa akalifanya dogo, dogo akalifanya kokoto. Pembeni yake alikaa binti yake Zamda, mtoto wa miaka tisa, mwenye kifua cha pumu. Nyundo ikitua, unga mweupe unaruka. Unga ukiruka, Zamda anakohoa.

"Mama, kinanibana."

"Utazoea, mwanangu. Mimi mbona nilizoea?"

Neno hilo lishikeni, tutalihitaji huko mbele.

Siku moja adhuhuri ikapita chamchela machimboni, ikazoa magunia, ikazoa kofia za watu, ikamzoa na Mwasiti na binti yake. Jinsi walivyosafiri sielezi, kwa sababu Mwasiti mwenyewe hakumbuki zaidi ya kufumba macho na kukishika kiganja cha mtoto. Alipofumbua, walikuwa wamesimama upande wa ndani wa lango refu ajabu, juu kabisa karibu na mawingu, na langoni pameandikwa kwa herufi kubwa: TIFUNI. TUMEZOEA.

Akatokea mwanamume mwembamba, miwani mizito, sumaku inaning'inia shingoni kama hirizi.

"Shikamoo," alisema Mwasiti.

"Marahaba. Mimi ndiye Mpima Chembe. Geuka nikuone mabega."

Akapitisha kidole begani kwa Mwasiti, akakitazama, macho yakamtoka. "Unene wa ukucha! Wewe kwenu ni waziri?"

"Mimi nagonga kokoto, baba."

"Usijishushe, dada."

Ndipo akamweleza. Tifuni cheo cha mtu ni unene wa vumbi mabegani. Mtoto anaanza bila kitu, karani ana utando, diwani ana tabaka, na wakubwa kabisa wana vumbi la kuotesha mbegu. Kwa hiyo wakubwa wa Tifuni hawainami, hawakimbii, hawacheki kwa nguvu. Wanatembea polepole kama wanawake waliojitwika mitungi. Mwaka uliopita naibu mmoja alipiga chafya mkutanoni, akashuka vyeo vitatu kabla hajafuta pua.

"Na vumbi lenyewe lina koo mbili," aliendelea Mpima Chembe. "La chini limetoka barabarani, majikoni, kwenye mawe kama hayo yako. La juu limetoka kwenye vimondo vilivyoungua na nyota zilizopasuka zamani. Hilo halina kelele. Linashuka lenyewe, kila siku, hata sasa hivi linakudondokea na hulisikii."

Akapitisha sumaku juu ya nywele za Zamda. Chembe moja nyeusi, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, ikaruka ikanata kwenye sumaku. Yule bwana akapiga ukelele. "La juu! Mtoto ana la juu kichwani!"

"Mama, nimebeba nyota?" Zamda aliuliza, na uso wake wote ulikuwa macho matupu.

Mwasiti naye, sitawaficha, moyo ulimruka. Miaka yote anapangusa vumbi kichwani kwa mtoto, kumbe alikuwa anapangusa nyota! Akacheka, Zamda akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kirefu cha kumkunja mtoto kama kisu cha kukunja.

Watu waliokuwa wamekusanyika langoni wakapiga makofi. "Ameitikia! Ameitikia!"

"Ameitikia nini?" Mwasiti aliuliza, akimsugua mwanawe mgongo.

"Vumbi limeita, kifua kimeitikia," alisema Mpima Chembe kwa adabu kubwa. "Sisi hapa hatuna neno kikohozi."

Wakapelekwa kukaa kwa mwanamke mmoja anaitwa Bi Kirembo, mnene, mcheshi, mdomo haufungi. Nyumba yake ilikuwa na vumbi mpaka kwenye vikombe.

"Karibu shoga! Kaa popote, pote pana heshima. Usipanguse kiti tu, majirani watanisema."

Akawapa maji yao ya siku, kata moja kila mtu, yanayotoka kwenye chemchemi moja iliyobaki chini ya mwamba. Mwasiti akatazama juu. Mawingu yalikuwa manene, meusi, yameinama kama ng'ombe anayekaribia kuzaa.

"Mawingu yote haya, na maji mnapimiana kata?"

"Mvua haijanyesha mwaka wa kumi na moja," alijibu Bi Kirembo, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Inakuja. Vumbi bado halijatosha."

"Halijatosha kwa nini?"

"Khaa! Kwenu hamjui? Tone la mvua haliwezi kukaa hewani bila kitu cha kushika. Katikati ya kila tone pana chembe ya vumbi. Huo si uongo, Mpima Chembe ameona kwa kioo chake. Basi wazee wetu wakapiga hesabu: chembe moja, tone moja. Chembe nyingi, matone mengi. Ndiyo maana tunayalisha mawingu."

Mwasiti alikuwa ameishia darasa la saba, lakini hata yeye alihisi hesabu hiyo ina mahali imepinda. Hakupata nafasi ya kupatafuta. Tarumbeta ililia, saa kumi kamili.

Jamani! Kama hamjaona watu wa Tifuni wakilisha mawingu hamjaona kitu. Milango ilifunguka kwa pamoja. Watu wakamiminika na mikeka, majamvi, magodoro, wengine na mapazia. Wakajipanga barabarani, fimbo juu, na fimbo ikashuka mkekani, pu! Vumbi likapanda. Pu! Likapanda tena. Na wimbo ukapanda nalo:

"Kula wingu! Shiba wingu! Tushushie!"

Jua likageuka jekundu kama embe bivu, mbingu yote ikashika moto, zambarau, dhahabu, rangi ambazo Mwasiti hajawahi kuziona kwenye kanga yoyote. Bi Kirembo alipiga mkeka wake kama anamfukuza nyoka. "Shika fimbo, shoga! Unaogopa nini?" Mwasiti akashika. Akapiga. Tamu! Mkono ulikuwa umezoea nyundo, fimbo kwake nyepesi kama unyoya. Akaimba nao, akaruka nao, akasahau yuko wapi, mpaka wimbo ulipokatika kidogo watu wavute pumzi, na yeye akasikia sauti nyuma yake. Fiii. Fiii. Kama filimbi iliyopasuka.

Zamda alikuwa ameegemea ukuta, midomo imeanza kuwa ya bluu, mabega yanapanda na kushuka. Na umati umemzunguka unapiga makofi.

"Hajawahi kutokea mwitikiaji kama huyu!" alisema mtu mmoja kwa sauti nzito. Huyu alikuwa Mlisha Mawingu Mkuu. Vumbi la mabegani mwake lilikuwa limefika masikioni, na wasaidizi wawili walimshika viwiko asije akayumba. "Ijumaa ni Ulishaji Mkubwa. Mtoto huyu atakaa juu ya mnara, katikati ya vumbi lote, aitikie kwa niaba ya taifa."

"Mtoto wangu mgonjwa, mheshimiwa! Tunaomba tuondoke."

"Lango linafunguliwa siku ya mvua tu," alijibu Mlisha Mkuu. "Likifunguliwa ovyo, vumbi letu litatoroka. Na usitumie neno hilo mbele ya watoto."

"Neno gani?"

"Mgonjwa."

Walipobaki peke yao nyumbani, Mwasiti akamuuliza Bi Kirembo, "Mwaka jana alikaa nani mnarani?"

Mdomo ule usiofungwa ukafungwa. Bi Kirembo alivuta uzi mkekani, akauzungusha kidoleni. "Mwanangu Hamidu. Aliitikia vizuri sana. Saa kumi mpaka magharibi. Halafu akapanda."

"Akapanda wapi?"

"Juu. Wanapanda, shoga. Wamo mawinguni." Akasimama haraka. "Ngoja nikakukung'utie mto."

Mwasiti alimlaza Zamda mapajani, akawa anazihesabu pumzi zake moja moja. Leo Jumatatu. Ijumaa haiko mbali.

Asubuhi yake alifanya jambo dogo ambalo ninyi nyote mmelifanya leo kabla ya chai. Hakupanga shari wala siasa. Aliona ua umejaa tifu, mtoto amelala mlangoni, akatafuta ufagio. Na kwa kuwa mama yake alimfundisha tangu ana miaka sita, hakufagia hivi hivi. Alichukua kata yake ya maji, kinywaji chake cha siku nzima, akanyunyizia ua kwa vidole, tap, tap, tap, mpaka ardhi ikatulia. Kisha akafagia. Hata chembe haikuruka. Harufu ya udongo uliolowa ikapanda, ile harufu ya kwetu, na Zamda akavuta pumzi moja ndefu bila filimbi.

"Mama, hapa panavutika," alisema.

Mara ukasikika uyowe juu ya ukuta. "Anazamisha vumbi! Mgeni anazamisha vumbi!"

Kabla jua halijakausha ule unyevu walikuwa wamemkamata, ufagio bado mkononi.

Sasa Tifuni wana sheria moja wanayojivunia sana, ingawa ilikuwa haijatumika tangu ukame uanze, kwa sababu hakuna aliyekuwa na maji ya kumwaga. Sheria yenyewe hii: anapohukumiwa adui wa mvua, wananchi wote wakae barazani, mikono magotini, mikeka imekunjwa, asitikisike mtu mpaka hukumu itoke. Mlisha Mkuu ndiye mlalamikaji, na ndiye hakimu pia, wakaona inaokoa muda.

Haikuokoa. Siku ya kwanza yote ilikwisha kwa kubishana kama vumbi likilowa limekufa au limelala.

"Limekufa! Haliruki!"

"Kwani wewe ukilala unaruka?"

"Mimi si vumbi!"

"Mabega yako yanasema nini?"

Siku ya pili likazuka jipya. Kama kati ya chembe zilizozamishwa kulikuwa na za juu, kosa ni kubwa zaidi, maana mshtakiwa atakuwa amezamisha mgeni wa mbinguni. Mpima Chembe akaamriwa alete udongo wa ule ua na kuupima wote kwa sumaku, punje kwa punje. Akaupima. Watu wakakaa, mikono magotini. Saa kumi ikafika, mpiga tarumbeta akanyanyua tarumbeta, akakumbuka sheria, akaishusha. Saa kumi ya pili ilikuwa inapita bila mkeka hata mmoja kupigwa.

Mwasiti alikaa kwenye kigoda cha washtakiwa na Zamda miguuni pake. Hakusikiliza hoja za wakubwa, alisikiliza kifua. Siku ya kwanza kililia. Siku ya pili kililia kwa mbali. Asubuhi ya siku ya tatu, Alhamisi, hakikulia kabisa, akadhani mtoto amemtoka, akamtikisa kwa nguvu.

"Mama, nini? Nilikuwa nimelala!"

Na kitu kingine kilikuwa kimetokea. Watu waligeuka huku na huku, wakanong'onezana. Ng'ambo ya mji palikuwa na mlima. Mlima mzima, na vijana wa Tifuni walikuwa hawajawahi kuuona.

"Ule ni nini?"

"Mlima, mjinga wewe. Ulikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

Mpima Chembe alikuwa ameacha udongo. Alikuwa ameelekeza kioo chake juu. "Mheshimiwa," alisema, "naomba kusema."

"Umemaliza punje?"

"Bado. Lakini tazama mawingu. Miaka kumi na moja nimeyapima. Kila chembe ilikuwa imeshika katone kake, kadogo kuliko jicho la sisimizi, na hakuna katone kaliko na uzito wa kushuka. Maji yalikuwa yaleyale, ila yamegawanywa mno! Sasa siku tatu hatujapeleka chembe. Zilizokuwepo zimetua. Matone yamenenepa, mheshimiwa. Yananenepa naona!"

"Kaa chini."

"Tulikuwa tunayazuia sisi wenye..."

"Kaa chini, utaanguka cheo!"

Mpima Chembe akakaa. Lakini aliposhuka yeye, akainuka mwingine. Alikuwa Bi Kirembo. Kuinuka wakati wa kesi ni kosa, na baraza zima likageuka kumtazama.

"Mimi nina neno," alisema. Sauti yake haikuwa ile ya kuchekesha. "Siku ya tatu leo mtoto wa huyu mwenzangu anapumua. Namsikia. Nimekaa nyuma yake siku tatu namsikia. Hamidu wangu hakupata siku tatu. Aliniambia mama nishushe, nikamwambia itikia, baba, watu wanakutazama." Akamtazama Mlisha Mkuu. "Mwanangu hakupanda. Mwanangu alikufa. Alikuwa anakohoa."

Neno lile la kukohoa lilikuwa halijatamkwa barazani kwa miaka. Likakaa pale katikati.

Tap.

Tone la kwanza lilitua kwenye bega la Mlisha Mawingu Mkuu, likachimba shimo dogo kwenye vumbi lake. Akalitazama kama amechomwa sindano. Tap, tap, la pili na la tatu. Halafu mbingu ikafunguka.

Mvua! Watu walipiga mayowe, wakafungua vinywa, wakabeba watoto wakawanyanyua juu, wakatandaza viganja. Vyeo viliteremka mabegani, vikapita viwiko, vikaingia mitaroni, mawaziri na makarani wakawa rangi moja, na kwa dakika chache hapakuwa na mkubwa Tifuni, palikuwa na watu waliolowa tu. Zamda alizunguka katikati yao kama pia, kinywa wazi, anacheka kicheko kisichogeuka kitu kingine.

Mwasiti alilia. Mvua ilimficha.

Ndipo Mlisha Mkuu akapanda juu ya meza ya mahakama, amelowa, bila hata utando begani. "Wananchi!" aliita. "Mnaona matunda ya kulisha miaka kumi na moja? Wingu limeshiba! Sasa tulishukuru. Mara ikikatika, kila mtu apige mkeka mara mbili ya zamani, ili ije nyingine!"

Na wao, wanangu, wakashangilia. Mvua yenyewe iko mgongoni mwao, inawachuruzikia masikioni, na wao wanakimbilia mikeka! Mpima Chembe alifungua mdomo, akatazama mabega yake matupu, akaufunga.

Lango lilikuwa wazi. Mwasiti alimshika Zamda mkono mmoja, na wa pili akamshika Bi Kirembo. "Twende, shoga. Twende kwetu."

Bi Kirembo alikuwa ameubeba mkeka wake, ule aliousifia kuliko yote mtaani. Akautazama. Kisha akautandaza chini, kwenye tope, katikati ya njia ya kwenda uwanjani, akauketia. Maji yakapanda pembeni yake.

"Mimi mkeka wangu umelowa," alisema. "Atakayetaka kwenda kupiga anipite hapa kwanza, na nitamweleza Hamidu aliniambia nini."

Mwanamke mmoja aliyekuja mbio na godoro kichwani akasimama mbele yake. Mwasiti hakuona mwisho wake, kwa sababu lango lilikuwa linaanza kufungwa na alilazimika kukimbia. Alichosikia nyuma yake, mvua ilipokatika, ni pu, pu, pu. Lakini anaapa zilikuwa chache kuliko siku ile ya kwanza.

Akafumba macho, akafumbua, yuko kwenye gunia lake kando ya machimbo. Nyundo zinalia pande zote. Unga mweupe unaruka, na jua la machweo ni jekundu, zuri, la kutisha.

"Mwasiti! Ulipotelea wapi?" wenzake walimwita. "Haya gonga, siku inakwisha."

Zamda alikohoa. Mara moja tu, kidogo.

"Ah, huyo," alisema mama wa gunia la jirani bila kuinua kichwa. Mwanawe wa miezi saba alikuwa amelala mgongoni, nyusi nyeupe kama za mzee. "Atazoea."

Mwasiti aliinuka. Alikwenda kisimani akachota ndoo, akarudi nayo inamwagika magotini, akaimimina yote juu ya rundo lake la mawe. Wenzake wakaangua kicheko.

"Jamani Mwasiti anaogesha mawe!"

"Yakitoka hapo uyapake mafuta!"

Mwasiti alikaa, akanyanyua nyundo, akagonga. Jiwe likapasuka, na hakuna kilichoruka. Akagonga tena. Zamda aliweka kidevu begani kwa mama yake, akapumua. Kicheko kilipungua, kikaisha, na wanawake wakabaki wanalitazama lile rundo lililolowa. Kisha mama wa gunia la jirani akapeleka mkono mgongoni, akampangusa mwanawe nyusi kwa kidole gumba, taratibu.

"Ndoo hiyo," alisema, "ukimaliza niazime."

Nami nimemaliza. Mwenye ufagio afagie, mwenye nyundo agonge. Lakini kwanza maji, halafu uinamishe sikio kwenye kifua cha mwanao, usikie kinasema nini kabla hujamwambia atazoea.